Makapi ya Sauti

Hebu tulia nikutegee. Hupita ukutani bila kutoboa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Nairobi, huko ndiko ninakoishi. Nipe Kakamega. Haya, nimeenda Kakamega, nimekula kuku na ugali wa wimbi, nimerudi. Jibu ni sauti.

Sasa sikia habari za ukuta ambao sauti ilishindwa kuupita.

Mwaka wa 1995, pale Dandora, Shiundu alichimba chumba chini ya nyumba ya mama yake, Asenath. Alichimba kwa sululu miezi minne, akapandisha udongo kwa karai. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, na kwaya ilitaka kurekodi kaseti. Juu haikuwezekana. Jirani yao Njogu alikuwa na kinu cha posho kilichonguruma kutwa, na walipojaribu kurekodi sebuleni, ilisikika kama mahindi yanamsifu Mungu.

Kule chini Shiundu alipigilia trei za mayai darini. Za ukutani hazikutosha. Mulama, mwimba besi, akaleta magunia manne ya vipande vya sponji kutoka kiwanda cha magodoro alikokuwa msimamizi. Vilikuwa vimelala stoo tangu mwaka uliotangulia, na vilinuka moshi kidogo. Shiundu akavibandika kwa gundi ya viatu, akauvisha mlango blanketi mbili, akateremsha redio ya kaseti na maikrofoni moja.

Luseno, mdogo wake Shiundu, alikuwa fundi katika kiwanda hicho hicho. Jumapili moja asubuhi, mwaka huo uliotangulia, alibaki peke yake akishona magodoro kumaliza oda, moto mdogo ukawaka, na moshi ukamuua. Kiwanda kilisema mlango ulikuwa wazi, ila kijana alikuwa amelewa, amelala. Kanisa lao halikuwaimbia walevi. Siku ya mazishi kwaya ilisimama kaburini mikono nyuma, kimya, Shiundu mbele yao, na mchungaji akasoma mstari mmoja tu.

Tangu siku hiyo Asenath hakukaa. Alianza kuchambua maharagwe akayaacha, akaenda getini, akarudi, akasahau alirudia nini. Kila aliyepita alimuuliza swali moja: "Kama mlango ulikuwa wazi, mbona mtoto wangu hakutoka?" Alimuuliza Mulama mara nyingi kuliko wote. Mulama alijibu, "Nitakuja tuongee vizuri, mama." Hakuja.

Kwaya ilishuka kurekodi Jumamosi. Chumba kilikuwa kizuri kupita kiasi. Sauti zilipanda, zikakosa pa kutokea, zikaanguka. Baada ya nyimbo mbili sakafu ilikuwa na rundo la kufika vifundoni, kama makapi ya kinu. Soprano zilikuwa nyepesi, zikipeperuka. Besi zilikuwa nzito kama chenga za mahindi. Rispa wa soprano akapiga chafya.

"Haya, nani atafagia?" akauliza Shiundu.

"Si ni Rispa!" Mulama akasema. "Zote hizi ni kelele zake."

"Zangu nitafagia. Zako zinataka mkokoteni."

Asenath ndiye aliyefagia, kwa kuwa alitaka kitu cha kufanya. Alijaza gunia akaliegemeza getini. Kuku wa Njogu walilitoboa, wakala, na wiki nzima jogoo aliwika kwa sauti nne.

"Mama Shiundu," Njogu akalalamika, "huyu jogoo sasa anaimba tenzi zenu, na mimi ni Mkatoliki."

Jumanne, bila mtu kuimba, Asenath alishuka akakuta rundo jingine. Lilikuwa dogo, chini ya ukuta wa sponji, jeusi na gumu kama vipande vya makaa. Alichota gao moja kiganjani akaliweka sikioni, maana alipofagia ndivyo alivyojua wimbo ni wa nani. Ilikuwa hodi. Tatu za haraka, kimya, halafu moja. Ndivyo Luseno alivyobisha nyumbani tangu alipokuwa darasa la pili. Kisha kikohozi. Kisha tatu na moja tena.

Alifagia. Jumatano likawapo tena, na Alhamisi pia. Akamwita Shiundu.

"Ndugu yako anabisha."

Shiundu akasikiliza, akaketi kwenye ngazi. "Ni yeye, mathe."

"Mlango wazi haubishwi," Asenath akasema.

Shiundu alipeleka mfuko mmoja kiwandani. Karani akasikiliza, akajipangusa sikio, akasema ni kweli ni hodi, lakini haina muhuri na faili imefungwa. Mchungaji naye alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wazee wa kanisa watalizungumzia Disemba, kama nafasi itapatikana. Shiundu akarudi na mfuko wake, na makapi ya usiku yalikuwa yameshaanguka chini, yakingoja ufagio.

Jumamosi kwaya ilirekodi nyimbo tatu za mwisho. Walipoanza kupanda ngazi, Asenath alikuwa mlangoni na ufagio wake.

"Mulama, wewe baki."

"Mama, saa kumi na moja natakiwa kazini. Kuna vijana wa ovataimu."

"Kufanya nini kazini?"

"Kuwafungia," Mulama akasema. "Ni sheria ya kampuni. Wasitoke na sponji."

Asenath akasukuma mlango ukajifunga. Kinu cha Njogu kikanyamaza, kama kimezama. Akachota gao la vipande vyeusi akamwekea Mulama mkononi, na Mulama akakipeleka kiganja sikioni polepole, kama mtu anayenawa uso kwa maji baridi. Alisikiliza. Mama naye alisimama mguu huu, akahamia mguu ule.

"Watu wa juu wanatusikia?" Mulama akauliza.

"Hawasikii. Mbona mtoto wangu hakutoka?"

"Mlango niliufunga mimi, mama. Ufunguo nilikuwa nao kanisani, mfukoni, tukiimba."