Kiti cha Shefu

Mara tatu Rénovat aliijaribu njia ile peke yake, kwenye pikapu ya tajiri wake mwenye mchele, saa ya marehemu mkewe, Dorothée, ikining'inia kwenye kioo mbele yake. Kutoka nyumbani, nyuma ya Carama, mpaka geti la bandari: dakika arobaini ikiwa askari wa kizuizi cha kwanza hajalewa, saa nzima na zaidi ikiwa amelewa. Meli ya mizigo ya Kigoma iliondoka kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Giza likiingia wanamaji walifunga ziwa, na nahodha hakuwa na mchezo na jambo hilo. Basi Rénovat, mtu aliyeishia darasa la tatu, akahesabu kwa vidole akirudi nyuma. Saa kumi na mbili meli. Kumi na moja na nusu muhuri dirishani. Saa kumi kamili, gari liwe limewashwa.

Wa kusafiri alikuwa Nella, binti yake wa miaka kumi na mmoja, mtoto pekee aliyeachwa na Dorothée. Kigoma alingojwa na mama yake mdogo, Candide, aliyekuwa amekwisha mtafutia shule. Wiki tatu kabla, risasi ilipita dirisha la jikoni ikatoboa sufuria ya maharagwe, na aliyekuwa anakoroga ni Nella.

"Papa, imepita hapa," alimwambia, akigusa karibu na sikio kana kwamba anaonyesha alipoumwa na mbu.

Usiku ule Rénovat hakulala, na asubuhi alikuwa ameamua.

Kilichobaki ni karatasi. Mtoto aliyefiwa na mama havuki mpaka bila karatasi ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, yenye tarehe ya safari na muhuri. Hapo ndipo Rénovat alipolazimika kupiga hodi kwa watu aliokuwa ameapa kutowakanyagia mlango. Kwake yeye, Dorothée hakuuawa na ugonjwa. Tumbo lilimshika saa tatu usiku, amri ya kutotoka nje usiku ikiwa imekwisha anza, na askari wa kizuizini akamwambia Rénovat ageuze gari, wakubwa wamekataa. Wakubwa! Wao walikuwa na ruhusa za kutembea usiku kucha, wakitoka kunywa. Dorothée alikata roho palepale kwenye kiti cha mbele, taa za gari zikimulika lile gogo lililolazwa barabarani. Tangu siku hiyo hakuna baa iliyokuwa haijamsikia Rénovat akiwatukana wakubwa, kuanzia aliye juu kabisa mpaka anayegawa karatasi za kartie.

Alikwenda ofisini mara nne. Leta picha. Leta timbri, stempu ya ushuru. Rudi Jumatatu. Mara ya tano shefu mwenyewe akatoka mlangoni, akichokonoa meno.

"Si munamaliza matanga ya bibi yako Jumamosi?"

"Ndiyo, shefu."

"Basi nitaileta mi mwenyewe. Muniweke kwenye programu."

Rénovat aliona saa zote alizohesabu vidoleni zikichanganyika. Lakini Libère, kaka wa marehemu, ndiye aliyekuwa amepanga siku hiyo ya kumaliza matanga ya mwaka mzima, naye alifurahi mno.

"Shemeji, hii ni heshima! Dada yangu tulimuzika mbio mbio, masasi inalia, risasi kila upande. Wacha tumumalize muzuri. Na mutoto hawezi kuvuka maji na matanga ya mama yake mugongoni."

"Saa kumi mi naondoka, Libère."

"Saa kumi itakuta watu wamesharudi kwao. Tunaanza saa nane."

Mkubwa akialikwa, haketi kwenye benchi. Asubuhi ya Jumamosi Rénovat alishuka Buyenzi kwa Mama Adija, mwenye kiti cha velveti nyekundu ambacho mji mzima ulikiazima kwa harusi na misiba. Adija alimsaidia kukipakia, akakifunika kanga.

"Leo jioni kiwe hapa, Rénovat. Kesho kuna arusi."

"Nikitoka bandarini na mutoto amepanda, nitapitia kwako."

"Inshallah," Adija akasema. "Usikichafue."

Saa nane watu walikuwa wamejaa chini ya turubai, uani kwa Rénovat. Sylvère, mpwa wa Libère aliyeshika mikrofoni, akawasalimia, akasema tusubiri kidogo. Kiti chekundu kilikuwa mbele, kitupu, na meza yake yenye kitambaa. Kreti za bia zilikuwa zimepangwa, pombe ya ndizi imekwisha miminwa kwenye mitungi, lakini hakuna aliyethubutu kufungua chupa kabla ya mwenye kiti. Watu walikaa wakizitazama, koo zimekauka.

"Anza," Rénovat alimnong'oneza Sylvère saa tisa.

"Nianze na kiti kitupu, tonton? Kesho watasema nini juu yetu?"

Shefu alifika saa kumi na robo. Watu wote wakasimama. Rénovat aliiona mara moja ile karatasi, imekunjwa mara nne, ncha yake ikichungulia kwenye mfuko wa koti. Alimwinamia akimmiminia bia.

"Shefu, pardon. Meli ya mutoto iko saa kumi na mbili. Kama ungenipa tu ile karatasi sasa..."

"Meli?" Shefu alipaza sauti ili kila mtu asikie. "Rénovat, kwa hii inchi umeshaona kitu gani inaondoka na saa yake?"

Turubai zima likacheka, maana ilikuwa kweli. Na Rénovat naye alicheka. Alisikia kicheko kikitoka kinywani mwake mwenyewe, akakichukia.

Shefu alikula kwanza. Mishikaki sita. Kisha akasimama kuhutubia. Alizungumzia amani, na bomba la maji litakalokuja. Alizungumzia subira, akaisifu sana. Dorothée alimtaja mara moja, akamwita Domitila, na Sylvère akamrekebisha kwa adabu.

Nella alikuwa mstari wa mbele, gauni limepigwa pasi, begi katikati ya miguu. Alikuwa hamtazami shefu. Alikuwa anamtazama baba yake.

Kutoka pale Rénovat aliposimama mpaka kwenye ule mfuko zilikuwa hatua nne. Alizihesabu. Akanyanyua mguu, na Libère akamshika shati.

"Kaa. Mukubwa anaongea."

Angeweza kujinasua. Libère alikuwa mzee mwembamba, mkono wake haukuwa na nguvu hata ya kuzuia mbuzi. Lakini Rénovat alibaki pale, mikono imefumbatwa tumboni kama yuko kanisani, mtu yule aliyewatukana wakubwa mwaka mzima.

Karatasi ilitolewa saa kumi na moja na dakika kumi, kwa makofi. Nella akapiga magoti kidogo, akashukuru.

Wakakimbia. Sylvère na vijana wengine wakakirusha kile kiti nyuma ya pikapu, bila kanga. Kwenye kizuizi cha kwanza askari hakuwa amelewa, ndiyo kwanza akawa na maswali.

"Kiti ya nani hii?"

"Ya shefu."

"Na shefu iko wapi?"

"Iko nyumbani, anakunywa bia yangu."

"Unanichezea? Shuka."

Dakika tisa zikapotea hapo. Kizuizi cha pili kilikuwa na malori kumi na moja mbele yao. Rénovat alipiga honi mpaka askari akamwelekezea bunduki, na Nella akamshika mkono akautoa kwenye honi polepole.

Getini alisimama Tajudini, mpakiaji aliyewawekea nafasi kwenye meli. Mikono yake ilikuwa inaning'inia.

"Nilishikilia ngazi, kaka. Nilishikilia mpaka wakanikanyaga vidole."

Meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga, lakini bado karibu. Ungeweza kuona watu wamekaa juu ya magunia, na mwanamke mmoja akimfunga mtoto mgongoni.

Rénovat alikwenda dirishani hata hivyo. Ofisa wa mpaka aliikunjua karatasi, akaisoma yote, juu mpaka chini.

"Iko sawa kabisa. Haina kosa." Akaigeuza. "Lakini ni ya leo tu. Urudi kwa shefu wako, akuandikie ya Jumamosi ingine."

"Yeye ndiye amenichelewesha!"

"Mi sijui mambo yenu. Next— suivant!"

Aliporudi, jua lilikuwa limeshika milima ya Kongo, na barabara ya kwenda kwao ilikuwa imekwisha fungwa. Wangelala Buyenzi kwa Adija, akikubali. Nella alikuwa amepanda nyuma ya pikapu. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti chekundu, begi mapajani, miguu haifiki chini, akiitazama meli inavyopungua.

"Papa, Jumamosi tutawapikia tena?"

Rénovat aliona vumbi la viatu vya mtoto kwenye velveti.

"Toa miguu," alimwambia. "Usikichafue. Tutakiazima tena."