Asali Iliyopita Motoni

Mtaa mzima ulimwita Mama Mnyoosho, maana nguo iliyopita mikononi mwake haikubaki na mkunjo hata wa dawa. Lakini pasi haina urafiki. Ilimponyoka siku moja ikamtua mguuni, kwenye muundi, na kidonda kilichobaki hapo kikagoma kufunga. Daktari hakupindisha maneno: kisipojaa nyama, watachuna ngozi pajani waje waibandike hapo.

"Mimi si suruali," Mama Mnyoosho alisema, "hadi nitiwe kiraka."

Wa kumfunga bandeji nyumbani alikuwa mke wa mwanawe, mzazi wa juzijuzi, kichanga kikiwa mgongoni saa zote. Muuguzi wa zahanati aliwapa asali ya hospitali, iliyotiwa kwenye kibomba kama cha dawa ya meno. Ikafanya kazi. Harufu mbaya ya kidonda ilikatika, na chini ya kidonda pakaanza kuonekana wekundu safi, kama ufizi wa mtoto.

Kibomba kikaisha kabla siku ya kliniki haijafika.

Kabatini kulikuwa na chupa ya asali ya kula. Mkwe mtu akaitazama, akasita. Tangu ajifungue, hakuna kitu kilichoingia kwake bila kuchemshwa: vijiko, vitambaa, hata mdoli wa mpira ulikuwa umeshapoteza pua sufuriani. Basi akaiinjika asali jikoni, ikatokota hadi ikatoa povu. Akaipoza, akampaka mama mkwe, roho yake kwatu. Kijidudu gani kingepona pale?

Haukupita muda, bandeji zikaanza kuloa na harufu ikarudi.

Siku ya kliniki muuguzi alifungua kidonda, akakunja uso. "Bibi, mmepaka nini?"

"Asali," akajibu Mama Mnyoosho. "Kama ulivyosema."

"Basi asali imeshindwa. Ngoja nimwite daktari apange siku ya kupasua."

Mama Mnyoosho hakutania. Alishika ukingo wa kitanda, akatazama ukutani. Mkwe wake, aliyesimama kando na mtoto mgongoni, aliona vile vidole, vinavyoshika pasi ya moto bila woga, vimeung'ang'ania ukingo ule. Angenyamaza, nani angejua? Lakini muuguzi alishafika mlangoni.

"Dada, subiri! Asali haijashindwa. Yenu iliisha. Nimempaka ya kwangu, ya jikoni. Na niliichemsha."

Muuguzi akageuka. "Uliichemsha?"

"Ili iwe safi."

Muuguzi alirudi, akavuta kiti. Hakufoka. Alimweleza kwamba asali ina sukari nzito inayowafyonza maji vijidudu mpaka wanyauke, na ina ukali wake wasioupenda. Halafu kuna kitu ambacho nyuki huacha ndani yake: kikikutana na unyevu wa kidonda, hutoa dawa kidogokidogo. "Hicho hakivumilii moto. Ulimpaka asali iliyopungukiwa nguvu. Na hata usingeichemsha, ya jikoni huwa na vumbi na vijimelea vyake. Hii yetu husafishwa kwa mionzi, haipikwi."

"Makubwa!" Mama Mnyoosho akapata sauti. "Mimi nimeungua, na dawa yangu nayo ikaunguzwa! Mwanangu, umenipikia mguu?"

Mkwe alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia. "Nisamehe, mama."

"Nyamaza, utamwamsha mtoto."

Muuguzi alikiosha kidonda, akakipaka asali ya kibomba, akampa mkwe vibomba vya kutosha na onyo: kikiisha, aje, asibuni. Daktari akakubali kungoja hadi kliniki ijayo.

Nyumbani, kila bandeji ilipofunguliwa, mkwe alibana pumzi kwanza. Siku ya kwanza kunuka kulikuwa palepale. Baadaye kukapungua. Kisha, asubuhi moja, aliona ngozi nyembamba imeanza kutambaa kutoka pembeni, akamwita mumewe aje aione, naye akaja na mswaki mdomoni.

Kliniki ilipofika, daktari aliinama, akabonyeza huku na huku. "Tuache kisu," akasema. "Kidonda kinajifunga chenyewe."

Mama Mnyoosho akashusha pumzi ndefu. Muuguzi alipochukua bandeji mpya, bibi akauvuta mguu.

"Asante, mwanangu, lakini wewe unakaza kama unafunga mzigo." Akaunyoosha mguu upande aliosimama mkwe wake. "Mkwe wangu, njoo. Mpe muuguzi mtoto, unifunge wewe."