Bizimu Nyuma ya Suruali Nyekundu

Anselme Tisserand, daktari wa meno mstaafu wa mji wa Langres, alikuwa amekwama kwenye makalio. Vijiaskari vyake vya metali, virefu kama kidole, alivyokuwa akivipaka rangi, vilikuwa vimeinama vikifua mashati mtoni. Makoti yalikuwa yamevuliwa, suruali nyekundu za vita vya mwaka 1870 zikawa wazi. Je, zilikuwa na bizimu ya kukaza kiuno kwa nyuma? Vitabu vyake vyote vilionyesha askari kwa mbele tu.

"Hakuna bizimu," alisema Firmin, mwenzake katika chama cha wapaka rangi vijiaskari, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani. "Paka nyekundu tupu, twende tukale."

Anselme hakula. Alikwenda makumbusho. Huko alimkuta askari wa sanamu kasimama nyuma ya kamba, suruali ni yenyewe hasa, lakini koti limeifunika hadi magotini. Akaangaza huku na huku, akavuka kamba, akapiga magoti, akaanza kuinua koti taratibu.

"Wee mzee!" Alikuwa Yolaine, msichana aliyelinda ukumbi. "Unamtafutia nini huyo?"

Anselme alishtuka, akamng'ang'ania askari, wakaanguka wote wawili. Suruali ikachomoka, ikamfunika uso. Watawa waliokuwa wakitembezwa ukumbini waligeukia ukutani, isipokuwa mmoja, aliyepiga picha.

"Ipo!" Anselme alipiga kelele kutoka ndani ya suruali. "Bizimu ipo!"

Bibi Quesnel, mkuu wa makumbusho, alimfokea mpaka miwani ikamteremka puani. Kisha akashusha sauti.

"Ya chuma au ya shaba?"

"Ya chuma, mama. Imeota kutu."

"Miaka yote hii sijawahi kumvua koti," alisema, kama anayejisemea. Halafu akampiga Anselme marufuku kukanyaga pale mwaka mzima.

Siku ya maonyesho ya chama, Odile, mkewe, aliigeuza meza ili vijiaskari viwape watazamaji mgongo. Mke wa meya alipita akakunja uso.

"Mume wangu ameaibika mbele ya watawa kwa ajili ya bizimu hizo," Odile alimwambia. "Tazama vizuri, mama."

Firmin aliinama na kioo cha kukuzia, akakagua bizimu moja baada ya nyingine. Mwishowe akamsogelea Anselme sikioni.

"Ndugu yangu, yule askari wa makumbusho... alikuwa amevaa soksi?"

"Kapige magoti mwenyewe!"