Kikohozi Ndani ya Pakiti

Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne, Zdravka alikaza boliti ya mwisho ya pampu ya kuvuta hewa katika kiwanda cha jibini nje kidogo ya mji wa Sliven. Bomba la kuingizia lilikuwa sawa. La kutolea lilipungua mita mbili: badala ya kupita ukutani liende nje, liliishia na kona iliyowatazama akina mama wa kufunga pakiti. Mmoja wao alikuwa Nedyalka, mama yake mzazi.

"Bosi, hii itatema ukungu wa mafuta humu ndani. Niruhusu nitoboe ukuta, ni kazi ya saa moja."

"Vigae vimebandikwa juzi tu, na wakaguzi wameshavipitisha," alisema Bwana Tonchev. "Theluji ikiyeyuka tutatoboa. Tia sahihi kwamba kazi imekamilika, fundi."

Mama alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na wabishi walikuwa wanarudishwa nyumbani. Zdravka akatia sahihi.

Wiki ya tatu akina mama walianza kukohoa. Mashine ikafunga vikohozi vyao pamoja na jibini. Wanunuzi wa mji wa Varna walipokata pakiti zao asubuhi, zilikohoa mara mbili tatu, nao wakala. Wachache waliandika barua za malalamiko. Bwana Tonchev hakuchelewa: pakiti zikachapwa upya, "Fungulia dirishani."

Nyumbani, pakiti ikikatwa, Yana, binti wa Zdravka mwenye miaka minne, alisema bila kuinua macho, "Hii ya bibi." Hakukosea hata mara moja.

"Mama, acha ile kazi."

"Niache, halafu huyu mtoto nimnunulie viatu kwa maneno? Wewe kaza boliti zako huko." Nedyalka alicheka hadi kicheko kikageuka kikohozi.

Theluji iliyeyuka. Ukuta haukutobolewa. Nedyalka alizikwa kabla ya Pasaka.

Zdravka alikuwa ameweka pakiti moja kwenye friji. Siku ya arobaini, ngano ya kuchemsha na divai zikiwa mezani, aliikata. Mama akakohoa mara nne, taratibu, kama alipokuwa akivua viatu mlangoni. Shangazi akasogeza kiti kumpisha.

Jibini haikutosha wageni. Zdravka alishuka dukani, akarudi na pakiti mpya, akaikata, nayo ikakohoa. Yana akasikiliza.

"Huyu simjui," akasema. "Huyu bado msichana."

Zdravka akafungua dirisha, kama ilivyoandikwa, akaendelea kuwakatia wageni.