Mota Iliyofufuka Mezani

Mtaani walimwita Mpima, hata watoto, kwa sababu alikuwa amepima ardhi za watu kwa miaka thelathini na mitatu, na baada ya kustaafu hakuacha kupima. Alipima upana wa milango, urefu wa vivuli, hata sukari kwenye kikombe cha mkewe. Nyuma ya nyumba alikuwa na chumba kimoja chenye dirisha kubwa, na humo ndimo alimoficha furaha yake ya uzeeni: meza ndefu ya mbao, taa yenye shingo ya kupinda, kioo cha kukuza, vikopo vya rangi visivyozidi ukubwa wa kizibo, na vigari kumi na vinne vya zamani.

Havikuwa vigari vya kusukuma kwa mkono. Vilikuwa vya umeme, kila kimoja cha kutosha kiganjani, vya kukimbia juu ya barabara ya plastiki yenye mfereji katikati. Chini ya kigari kuna ulimi unaoingia kwenye mfereji, na pembeni ya ulimi vifagio viwili vya shaba vinavyosugua reli za chuma kando ya mfereji na kuvuta umeme hadi kwenye mota. Ukibonyeza swichi uliyoshika mkononi, kigari kinaondoka. Ukizidisha kwenye kona, kinaruka na kulala chali kama mende. Mpima alivipata vyote katika sanduku moja siku duka la michezo la jirani lilipofunga, vimechoka, vimevunjika vioo, rangi zimebabuka. Mkewe, mwalimu mkuu asiyekuwa na muda wa mchezo, alipoliona sanduku lile alisema, "Sasa nimeolewa na mtoto wa darasa la pili." Lakini alisema huku anacheka.

Nyumbani walikuwa watatu. Mtu wa tatu alikuwa mama mkwe, mama yake mke, aliyehamia kwao miezi minane iliyopita baada ya kuchoka kukaa peke yake. Mama huyu na mkwewe waliheshimiana hadi heshima ikawa kama ukuta. Asubuhi walisalimiana, jioni walitakiana usiku mwema, na katikati hapo kila mmoja alimpisha mwenzake kwenye korido. Mama alishinda barazani na redio yake. Mpima na mkewe waliamini haoni sawasawa, maana siku moja alisimama getini akausalimia mti kwa dakika nzima, na kulalamika kwamba hajibiwi.

Basi siku ya Jumatatu Mpima alikifungua kigari cha kijani. Mota yake ilikuwa imekufa kifo cha kweli. Waya wa koili umeungua ukawa mweusi, na ukiusogeza puani unanuka. Akatikisa kichwa. Msasa aliujua, rangi aliijua, lakini kusuka koili upya, waya mwembamba kama unywele uzungushwe makumi ya mara kwenye kichuma kidogo kuliko ncha ya kidole, hilo lilikuwa limemshinda tangu mwanzo. Akaandika kwenye daftari lake: "Kijani. Mota imekufa. Kitakuwa cha kutazama tu."

Jumatano alikiweka kwenye barabara yake ya plastiki aone kama magurudumu yamenyooka. Kidole kikagusa swichi. Kigari kikaondoka! Kikakata kona ya kwanza, kikakata ya pili, kikapita mbele yake kinavuma na kwenda zake. Macho yakamtoka pima.

Alikikamata, akakipindua, akakifungua. Ndani mlikuwa na koili mpya, waya unang'aa, umelala mzunguko kando ya mzunguko bila hata mmoja kumpanda mwenzake.

"Nimefanya lini?" akasema kwa sauti.

Wala hakuuliza nani kafanya. Swali lililomjia lilikuwa hilo moja, na lilikuwa na sababu yake. Kaka yake mkubwa, mtu aliyekuwa anataja kwa kichwa namba za simu za ofisi nzima, alimaliza miaka yake ya mwisho akimwita mwanawe wa kumzaa "bwana mdogo" na kumuuliza amefuata nini pale. Na yeye Mpima mwenyewe, mwezi uliopita, alikuwa ameikuta simu yake ndani ya jokofu, juu ya mayai. Siku ile alicheka. Leo hakucheka.

Jumamosi ikawa zamu ya kigari chekundu, kilichokuwa kinajikokota. Akakuta kinakimbia. Akarudi kwenye daftari, akasoma mwandiko wake: "Chekundu. Mota dhaifu." Hapakuwa na neno lingine. Alikaa akalitazama lile daftari hadi herufi zikaanza kuchezacheza.

Aliamua kuweka mtego. Kabla ya kwenda kununua vanishi alipanga zana zake kwa rula: koleo ndogo sentimita kumi na moja kutoka ukingo wa meza, bisibisi sambamba nayo. Aliporudi akapima tena. Koleo ilikuwa kwenye kumi na tatu. Sentimita mbili! Mtu aliyegawa mashamba ya ndugu wasiosemezana, na wote wakaridhika, alizitazama sentimita mbili zile asijue azifanye nini. Ama kuna mtu kaingia, ama yeye ndiye aliyepima vibaya, ama hakupima kabisa, ameota tu kwamba amepima.

Usiku ule, mama alipokwenda kulala, alimtupia mkewe neno kwa mbali. "Hivi wewe huwa unaingia kule kwangu?"

"Nikafuate nini? Nilifuta vumbi mara moja ukaninunia siku tatu."

"Na mama je?"

"Mama huyu anayesalimia miti?" Mkewe akamtazama vizuri. "Kuna kitu kimepotea?"

"Hapana, hakuna kilichopotea," akasema. Na kweli hakuna kitu kilichokuwa kimepotea. Vitu vilikuwa vinaongezeka, na hilo hakujua amweleze vipi mtu mwenye akili timamu.

Kilichommaliza kabisa ni kigari cha buluu. Alikuwa amekisugua, amekipaka rangi mara tatu, akakiacha mlango mtupu kwa kuwa hajaamua namba ya kuandika. Jumatano iliyofuata akakuta tisa nyeupe mlangoni. Imechorwa kwa mkono uliotulia, na mkia wake umepinda kidogo kwa ndani. Alijua watu wengi waandikao tisa, lakini aliyekuwa akiupinda mkia namna ile kwenye ramani zote za ofisi alikuwa mmoja tu.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi nafanya yote haya, na sijui."

Siku mbili chakula hakikupanda. Akiulizwa anasema tumbo. Kila saa alijipa mtihani: jana nilivaa nini, juzi alikuja nani. Akikumbuka anajiambia bahati. Akikosa, moyo unampasuka. Lakini kila alipojaribu kuwaza ni wapi mikono yake ilijifunzia kusuka mota, fikra zilimgomea. Mtu anaweza kusahau alichokifanya, ndiyo. Anaweza kweli kufanya asichokijua?

Ijumaa alitoka kwenda kutafuta vitairi vidogo vya mpira. Alipofika mwisho wa mtaa akakumbuka ameacha tairi la mfano mezani, akageuza. Alipita mlango wa nyuma. Kabla ya kufika chumbani akasikia mtu anahesabu taratibu.

"Sitini na saba. Sitini na nane. Sitini na tisa."

Akasogea hadi mlangoni. Mama mkwe ameketi kwenye kiti cha Mpima, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, pua karibu iguse meza. Mkono wa kushoto umeshika kichuma cha mota, wa kulia unazungusha waya.

Mpima akakohoa kidogo.

"Usinikatishe hesabu, baba," mama akasema bila kugeuka. "Sabini. Sabini na moja."

Akasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa, hadi ilipofika themanini na mama akakata waya. Ndipo alipoteremsha miwani, akamwona mkwewe vizuri, na aibu ikamwingia. Akataka kuinuka.

"Kaa, mama. Tafadhali kaa."

"Nisamehe, baba. Nimeingia pasipo hodi."

"Macho yako..."

"Macho yangu ni ya karibu. Mbali sioni hata ng'ombe. Nikivua miwani, kilicho mbele ya pua nakiona mpaka vinyweleo."

"Na hii kazi?"

"Kiwanda cha feni. Miaka ishirini na saba nasuka mota. Hivi vyako na vile vya feni ni mtoto na mama yake."

"Nilijua ulikuwa kiwandani."

"Ulijua kiwandani," mama akasema pole pole. "Hukuuliza nikifanya nini." Halafu, kama anayeogopa kwamba neno lake limeuma, akaongeza, "Wala mimi sikusema. Ningeanzia wapi? Mkwe aje aseme pisha nikuonyeshe? Nilisogea dirishani nikakuona unaitazama ile mota ya kijani kama unaaga maiti, nikashindwa kuvumilia. Nikasema nitafanya moja tu. Moja ikazaa nyingine."

Mpima akaanza kucheka. Alicheka akashika mlango, akacheka hadi machozi yakamtoka, na mama naye akaingiwa na kicheko asichojua chanzo chake. Mzigo wa wiki nzima ulikuwa umemdondoka, akajisikia mwepesi kama aliyetolewa jino. Akamsimulia yote: daftari, rula, sentimita mbili, marehemu kaka yake.

"Mimi nikadhani akili imeniaga, mama! Kumbe ni wewe. Na ile tisa ulivyoiiga, mpaka mkia!"

Mama akaacha kucheka. "Tisa ipi?"

"Ya kigari cha buluu. Mlangoni."

"Rangi siigusi mimi, baba. Mikono yangu ni ya waya." Akamtazama. "Tisa ile umeandika wewe."

"Mimi?"

"Jumanne, baada ya chai ya saa nne. Ulivaa lile shati la mistari. Nilikuwa napita kwenda kuanika kanga yangu, ukaniita dirishani ukaniuliza, mama, tisa imekaa vizuri? Nikasema imekaa. Nilifurahi, maana hujawahi kuniuliza kitu."

Mpima akaitafuta Jumanne. Akalipata shati, maana alikumbuka kulifua. Chai akaipata. Dirisha, brashi, rangi nyeupe, uso wa mama: patupu. Alirudi mara ya pili na ya tatu, kama anayepapasa mfuko anaojua umetoboka. Sasa hakujua ashike lipi. Dakika tano zilizopita alikuwa mgonjwa, kisha akapona, na sasa je?

"Tusimwambie," akasema hatimaye, akimaanisha mkewe. "Ana shule nzima kichwani."

"La, baba. Siri ya mota niliitunza, ilikuwa yangu. Hii siiwezi. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Jioni wakamweleza pamoja, mama akianza na Mpima akimalizia. Mwalimu mkuu alisikiliza akiwa bado na mkoba begani. Kwanza alikasirika. "Kwa hiyo nyumba hii kila mtu ana siri isipokuwa mimi?" Kisha akakaa karibu na mumewe, akamshika mkono, akauliza maswali kwa mpangilio kama anayehoji mtoro. Unalala? Unakula? Unatumia dawa gani?

"Dawa sina. Vile vidonge vya mafua tu, vumbi la msasa likinikaba."

"Vingapi?"

"Viwili. Au vitatu."

"Kwa wiki?"

"Kwa siku."

Mkewe na mama mkwe wakatazamana.

Huko hospitali daktari, kijana mpole, alimchorisha saa ya ukutani, akampa maneno matano ya kushika kichwani. Mpima alirudisha matatu; la nne alilipata akiwa tayari amesimama kuondoka, akarudi mlangoni kulisema. Wakamtoa damu. Daktari akaeleza kwamba vidonge vya aina ile, kwa mtu wa umri wake, vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na kwamba kupaka rangi huku dirisha limefungwa hakusaidii. Aviache, avae barakoa, afungue dirisha, arudi baada ya miezi mitatu.

"Kwa hiyo ni vidonge?" Mpima akauliza.

"Huenda."

"Au ni kama kaka?"

"Huenda sivyo. Leo siwezi kukuambia, mzee wangu, nitakudanganya."

Mtu aliyeishi kwa mipaka na vigingi alipewa uwanja usio na kigingi hata kimoja.

Wiki iliyofuata kiti cha pili kikaingia chumbani, kikawekwa upande wa dirisha. Kigari cha njano kilikuwa na bodi iliyopasuka, wakakubaliana wasikirudishe kilivyokuwa bali wakifanye kipya: Mpima akakata bodi ikashuka chini, akapanua magurudumu ya nyuma, mama akasuka mota kwa waya mnene na mizunguko michache. Walipokijaribu, kiliruka kona ya kwanza, kikavuka chumba, kikampiga mwalimu mkuu kwenye mguu akiwa anaingia na chai.

"Mmeunda gari au kombora?" akapiga kelele, na mama akaficha uso kwenye kanga.

Mpima akakiokota. "Mama, hebu niambie. Mizunguko ikipungua, kwa nini mbio zinazidi?"

Mama akamtupia bintiye jicho. Mpima akaliona jicho lile. "Nimekwisha kukuuliza hili?"

"Umeuliza."

"Lini?"

"Jana. Lakini kiwandani mimi niliuliza mara kumi, msimamizi akataka kunifukuza."

Mpima alibaki na kigari mkononi. Hakujua kama ni mgonjwa aliyesahau au mwanafunzi mgumu wa kuelewa, na wote wawili wangeuliza swali lile lile. Mkewe alikuwa bado amesimama na sinia. Nje watu walipita wakizungumza mambo yao. Akavuta kiti karibu na dirisha, na mama mkwe akachukua kipande cha waya akaanza kumweleza upya, toka mwanzo.