Piano ya Ng'ombe Sita

Fundi Masatu aliuweka ufunguo kwenye kigingi cha kwanza cha piano, akakaza, akaachia. Kigingi kikarudi chenyewe, taratibu, kama mtu aliyechoka anapotafuta pa kukaa. Akakaza tena. Kikarudi tena. Akajaribu cha pili, cha saba, cha ishirini. Vyote hivyo hivyo. Wiki tatu nyuma, alipoikagua ndani ya stoo hii hii ya Bunda, vigingi hivi vilikuwa vigumu mpaka bega lilimuuma siku mbili. Leo angeweza kuvizungusha kwa vidole.

Akaunusa ufunguo. Damu ikampanda kichwani.

"Benson! Njoo hapa!"

Benson ndiye mwenye stoo. Kazi yake ni kuuza mitumba mikubwa kutoka nje: makochi, friji, baiskeli, vitanda vya hospitali. Safari moja kontena lilimletea kitu ambacho hakukiagiza, piano kubwa nyeusi ya miguu mitatu, ile aina ya kufunuliwa mfuniko kama boneti ya lori. Miezi minane ilikaa pale ikibebeshwa makreti ya soda, mpaka habari zake zikamfikia Mwalimu Nyangi wa Butiama.

Mwalimu Nyangi alikuwa amesimama mlangoni asubuhi hiyo, mkoba begani, viatu vya kanisani miguuni. Alifundisha shule za msingi miaka thelathini na minne, na kwaya miaka hiyo hiyo, akitumia kinanda cha betri ambacho sauti tatu zilikuwa zimekufa. Mumewe alipofariki alimwachia zizi lenye ng'ombe kumi na tisa. Benson hakutaka fedha za mjane. Alitaka ng'ombe sita, atakaowachagua mwenyewe zizini siku piano itakapoingia nyumbani. Mwalimu alikubali.

Aliyekuwa hajakubali ni huyu aliyesimama nyuma yake na fimbo kwapani, shemeji yake Hezron, mchuuzi wa ng'ombe wa Nyamuswa. Kwenye kikao cha ukoo Hezron alisema wazi: "Sawa, anunue. Lakini kama ni takataka, ng'ombe wote wanahamia kwangu. Mtu asiyejua kununua hawezi kukaa na mali ya kaka." Wazee wakaitikia. Mwalimu naye akawajibu mbele yao, "Fundi Masatu wa Musoma ameikagua. Akisema nzima, ni nzima."

Ndiyo maana Masatu alimwita Benson kwa ukali vile.

Benson akaja anatabasamu. "Shikamoo mzee. Umeionaje? Inang'aa, au siyo?"

"Umeiwekea nini?"

"Ah, hiyo!" Benson akajisikia. "Oili chafu. Lita tano. Nimepaka mbao zote za chini kwa mkono wangu mwenyewe. Na hapa kwenye vyuma nikamwagia kabisa, visishike kutu. Si unaona mchwa walivyokuwa wamepanda ukuta ule? Nguzo za zizi la baba tulikuwaga tunazipaka hivyo hivyo, zimesimama mpaka leo."

"Hii ni nguzo ya zizi?"

"Mbao ni mbao, mzee."

"Wewe mura, kijana mzima, una kichwa au una embe?" Masatu alipiga ngumi kwenye friji iliyokuwa karibu, friji ikalia. "Sikiliza. Humu ndani kuna vigingi mia mbili na zaidi. Kila kimoja kimeshika uzi, na uzi unavuta kama ndama anayetaka kumfuata mama yake. Hakuna nati. Hakuna skrubu. Kinachokishika kigingi ni ubao tu, unavyokibana. Wewe umeulainisha ubao! Nikiiweka sawa saa hii, mkifika Kiabakari tu, njiani, imeshalegea yote."

Benson akatazama mlangoni. Mwalimu alikuwa anaelekeza wabebaji watakavyoipakia kwenye lori. Benson akamvuta Masatu nyuma ya makochi.

"Mzee, usipige kelele. Fanya hivi. Wewe iweke sawa. Mama apige wimbo wake mmoja, afurahi, tupakie. Ikilegea kule Butiama, ni barabara imeitikisa. Nani atabisha? Na katika wale sita, mtamba mmoja ni wako."

"Nitamfunga wapi? Kwenye mguu wa kitanda?"

"Utamuuza."

"Benson, mimi nimepanga chumba kimoja Kamunyonge, kule Musoma, choo tunachangia watu wanane, na bado hujapata bei yangu. Toa mkono wako."

Akamsukuma pembeni akarudi kwenye piano, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: "Mwalimu! Msipakie. Piano imeharibiwa."

Mwalimu Nyangi aliingia. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho bila kumkatiza, kama alivyozoea kusikiliza mtoto aliyevunja kioo. Halafu akakaa kwenye benchi la piano, akapiga sauti moja ya katikati, kisha ya chini yake, kisha tatu kwa pamoja. Zilitoka zimepinda. Akaufunga mfuniko.

Hezron akaanza kucheka, kicheko cha puani. "Ng'ombe sita," alisema. "Kwa sanduku la oili."

"Nyamaza kwanza, shemeji." Mwalimu akamgeukia Benson, na sasa sauti yake ilikuwa ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa la watoto tisini. "Wewe Benson. Kitu si chako tena, tumeshakubaliana, unasubiri gari tu. Unakimwagia oili! Umemuuliza nani? Mtu gani mwenye akili zake amekuambia ushike vyuma vya ndani ya piano?"

Benson akakuna kichwa. "Kuna mtu alisema vyuma visishike kutu... na mchwa. Nilikuwa naongea na simu. Sikumbuki ni nani."

"Hukumbuki! Unaona, shemeji? Bila fundi wangu tungepakia. Fundi wangu ameona."

Fundi wangu. Neno hilo lilimchoma Masatu kuliko matusi, maana yeye alikuwa anakumbuka vizuri.

Siku ile ya ukaguzi alikuwa amemaliza kazi, ameshaweka vifaa kwenye mfuko, gari la Musoma linapiga honi nje. Akaona njia ya mchwa ukutani. Akasema huku anatembea, bila hata kugeuka: "Wewe, angalia mchwa wasifike hapa. Na hivyo vyuma visishike kutu." Akapanda gari. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kupanda gari. Darasa la nne alilisoma kwenye shule tatu. Kazi ya piano alijifunza nusu kwa bruda mmoja wa misheni, nusu nyingine Kisumu kwa Mhindi, na kote aliondoka kabla mwenzake hajamaliza kumwambia. Hakuna alichokichukia kama kukaa mahali mpaka jambo liishe.

Angeweza kunyamaza. Benson hakumbuki. Mwalimu anamsifu. Hasira yote ilikuwa na pa kwenda.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyesema habari ya mchwa na kutu. Ni mimi, siku ile nilipoikagua."

Benson akafumbua mdomo, akaona afadhali aufunge.

Mwalimu Nyangi akasimama. "Ulimwambia amwage oili?"

"Hapana. Nilisema azuie mchwa na kutu. Sikusema afanyeje."

"Na ulijua huku kwetu mchwa wanazuiwa kwa nini?"

"Kwa oili chafu. Kila boma."

"Ulijua."

"Nilijua, mwalimu. Nilikuwa nawahi gari."

"Uliwahi gari!" Alilisema hilo kwa nguvu mpaka wabebaji wakachungulia. "Mimi nimesimama mbele ya wazee wa ukoo, mwanamke peke yangu, nimeweka zizi la mume wangu juu ya mdomo wako. Juu ya mdomo wako, Masatu! Na wewe unawahi gari! Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekulaza kwenye benchi hili hili."

Masatu alitamani atukanwe zaidi.

"Basi, imekwisha," Hezron alisema, anashusha fimbo kutoka kwapani. "Kesho asubuhi naleta watu Butiama tuswage. Wazee walisema."

"Nani amekuambia imekwisha?" Mwalimu hakumtazama hata. "Masatu. Inatengenezeka?"

"Ubao wa vigingi utolewe wote. Uchongwe mpya, mbao ngumu nyembamba nyembamba zigandishwe moja juu ya nyingine. Matundu yatobolewe upya, moja moja. Ni miezi."

"Umewahi kufanya?"

"Nimewahi kumshikia mtu taa akifanya. Kisumu."

"Taa," alisema Mwalimu. "Haya. Benson, utaipeleka piano kwangu leo, kwa lori lako, kama tulivyopatana. Mbao ni juu yako. Masatu, kazi ni juu yako, bila malipo, na utalala kwangu mpaka iishe. Hakuna gari la kuwahi. Siku piano itakapokaa sawa wiki nzima bila kushuka, Benson atakuja zizini kuchagua."

"Na mimi nisubiri mpaka lini?" Benson aliuliza.

"Kama huwezi, ibakize uiwekee soda. Na makanisa yote ya Mara yatajua ulichoifanyia."

Benson akatazama makreti yake. "Nitasubiri."

"Shemeji, hii ni michezo!" Hezron alipandisha sauti. "Ng'ombe wanahama kesho."

Sasa ndipo Mwalimu alipomgeukia, taratibu kabisa. "Hezron, wewe ni mtu wa mnadani. Niambie. Mnunuzi ameahidiwa achague sita kwenye kundi zima. Hajachagua. Kuna mtu wa kwetu anayeswaga kundi hilo kulitoa zizini?"

Hezron akakohoa.

"Nakuuliza. Kuna mtu?"

"Hakuna," alisema Hezron, na neno lilimtoka kama jino. Angesema vingine, na Benson pale anasikia, nani tena angemwamini mnadani?

"Basi twende. Pakieni."

Kule Butiama, ubao wa kwanza ulipasuka Masatu akiwa ameshatoboa matundu mia na arobaini. Aliurusha uani, akaitukana Bunda yote, akamtukana Mhindi wa Kisumu, akajitukana mwenyewe, mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya jiko. Mwalimu alitoka na kikombe cha chai, akakiweka kwenye kizingiti.

"Mwingine," alisema, akarudi ndani. Kwa siku kumi hilo ndilo neno pekee alilomwambia.

Jioni nyingine Masatu alisikia magari ya Musoma yakipita, vidole vikamwasha. Hakwenda. Alinoa patasi.

Mwezi wa nne wa kazi hiyo Hezron alifika, akasalimia, akakataa kiti. Masatu alikuwa ameinama juu ya piano, anakaza vigingi.

"Shemeji, nimekuja kwa ajili ya ng'ombe. Bado tu?"

Mwalimu Nyangi akasogea kwenye piano akabonyeza sauti moja ya katikati. Ilikuwa imewekwa sawa tangu Jumapili iliyopita. Ilitoka imenyooka, ikajaza sebule, ikatoka mpaka uani, ikachukua muda wake kuisha.

"Si hiyo inalia!" Hezron alisema.

"Hiyo moja," alisema Mwalimu. "Zimebaki themanini na saba, na Benson bado hajachagua. Kaa basi, nikuletee chai."