Tindimbwa

"Hilo neno litoe," alisema mwenye studio, akivua hedifoni. "Weka 'mpenzi'. Silabi tatu kwa tatu, nani atajua?"

Mimi na binamu yangu, mpiga gitaa, tulikuwa tumesimama kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, jasho likitutiririka. Wimbo ukimridhisha, aliahidi, ataupeleka redioni mwenyewe. Miezi saba tulikuwa tumembembeleza. Binamu akanikanyaga mguu: kubali.

Lakini neno lilikuwa la mama.

Mama alikuwa fundi cherehani. Yeye na wenzake wanne walikuwa na lugha yao pale karakanani, ya kuwasengenya wateja mbele ya macho yao. Tindimbwa ilikuwa nguo iliyokatwa kombo, ikakatiwa tamaa, kisha ikamkaa mtu vizuri kuliko iliyonyooka. Nilipofeli mtihani wa mwisho nilijifungia chumbani siku mbili. Mama aliketi sakafuni nje ya mlango, akasema, "Wewe ni tindimbwa yangu. Haya, toka ule."

Hapo "mpenzi" angekaa wapi?

"Silitoi," nilimwambia yule bwana.

"Nani atalielewa?"

"Atakayeuliza."

Akazima mitambo.

Binamu alininunia njia nzima, na mimi moyoni nilishaanza kujuta. Kesho yake asubuhi nikamkuta karakanani, gitaa mgongoni. "Maji tumeshayavulia nguo," alisema. "Tuyaoge."

Tulirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kopo la vifungo. Cherehani tatu zilikuwa ngoma zetu. Mafundi waliitikia kibwagizo huku wakipinda marinda, maana kazi za watu hazingoji. Tukauweka mtandaoni. Wiki ya kwanza ulisikilizwa na watu arobaini na mmoja, wengi wao mashangazi.

Kisha mwalimu mmoja wa chekechea, hata hatumjui, akawarekodi wanafunzi wake wakiuimba. Ubishi ukawaka. Huyu anasema tindimbwa ni samaki, yule anasema ni tusi, na mwingine akaapa bibi yake alikuwa akilitumia. Mtangazaji mmoja alilitamka vibaya mara tatu hewani, akacheka, akaupiga wimbo tena.

Sasa ni miaka tisa tangu onyesho letu kubwa la kwanza, na bado nauona ukumbi ule: viti vimejaa, watu wamesimama hadi ngazini. Tulipofika kwenye kibwagizo sikuimba. Waliimba wao, wakilirefusha lile neno mpaka likawa kama wimbo wa kumbembeleza mtoto. Binamu alikuwa analia waziwazi, vidole haviachi nyuzi.

Mama alikuwa pembeni ya jukwaa, sindano mbili zimechomekwa kifuani kwa mazoea. Nilimwona akikunja uso. Akapanda. Akanipokonya kipaza sauti.

"Wanangu, mnalivuta mno," alisema. "Ni fupi. Kama unakata uzi kwa meno."

Ukumbi mzima ukaliimba, ukalikata.

"Tena," akasema mama.

Nikarudi nyuma hatua mbili, nikampisha.